Chumvi Kiasi

Mchele mmoja, mapishi mbali mbali. Methali hii hunukuliwa mara kwa mara katika makala ya uhakiki, na kila inaponukuliwa huwa imekwisha kuhamishwa kutoka jikoni. Hutajwa kuthibitisha kwamba kisa kimoja huweza kusimuliwa kwa namna nyingi, au kwamba wasomaji wawili hawasomi riwaya moja. Ni nadra mhakiki kukumbuka kwamba kabla ya kuwa hoja, methali hiyo ilikuwa habari: pana mchele, pana chungu, na pana mkono wa mtu. Makala haya yanairudisha methali kule ilikotoka, kwa imani kwamba mambo ya nyumbani, yaani upishi, uwekaji wa akiba, mashine iliyo juu ya meza na michezo ya kuburudisha moyo baada ya kazi, yana jambo la kuwafunza wanaoshughulika na matini.

Utanzu wa insha wenyewe haukukulia mbali na meza ya chakula. Michel de Montaigne, aliyeanza kuchapisha Essais zake mwaka 1580, hakuona haya kuandika juu ya vyakula alivyovipenda, maradhi yaliyomsumbua na mazoea ya nyumba yake, na jina alilolipa utanzu huo lilikuwa na maana ya jaribio. Kiswahili kwa upande wake kilipokea neno insha kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kutunga au kuunda. Pana tofauti ya kimtazamo kati ya maneno haya mawili: anayejaribu hukubali kwamba huenda akashindwa, ilhali anayeunda huahidi kitu kilichokamilika. Shaaban Robert, ambaye Kielezo cha Insha chake kilichapishwa mwaka 1954, aliupa utanzu huu hadhi katika nathari ya Kiswahili. Baada yake, hata hivyo, insha imeachiwa zaidi walimu wa shule na watahini, ikawa zoezi la kupima sarufi na tahajia. Mambo ya nyumbani nayo yakaachiwa magazeti. Kwa hiyo nyumba, ambamo kila mhakiki hula na kulala, imebaki nje ya uhakiki.

Mfano utakaochunguzwa hapa ni wa nyumba moja. Katika mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, anaishi mzee mmoja aliyefundisha hisabati katika shule za upili kwa zaidi ya miaka 30, akastaafu mwaka 2019. Majirani humwita Mwalimu tu, na hapa pia ataitwa hivyo. Mkewe alifariki dunia mwaka 2022, akamwachia nyumba yenye ngazi za kutaabisha magoti, binti aliyeolewa mtaa wa pili, na daftari moja la kurasa 96 lililofungwa kwa uzi.

Daftari hilo lina nyuso mbili. Likifunguliwa kutoka mbele, ni kitabu cha mapishi: pilau, biriani, mchuzi wa papa, mkate wa sinia, mahamri, kaimati. Likigeuzwa na kufunguliwa kutoka nyuma, ni hesabu za mchezo, yaani ule ushirika wa fedha ambamo wanawake huchanga kila mwezi na kupokezana kwa zamu. Pande hizi mbili zilisogeleana kwa miaka mingi hadi zikakutana karibu na katikati, kwenye ukurasa ambao nusu yake ni vileja na nusu ni majina ya wanawake yenye alama za kalamu nyekundu. Mwalimu alilijua daftari hilo kwa sura tu. Katika maisha yote ya ndoa hakuwahi kulisoma, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji. Alipolisoma kwa mara ya kwanza, miezi minne baada ya mazishi, alikuwa na njaa.

Chini ya pilau aliyakuta maneno haya. Ya watu 4. Mchele vikombe 3, kile cha maua. Nyama, iwe na mifupa. Vitunguu vikubwa 3, vikaangwe mpaka viive rangi. Thomu, tangawizi, uzile, mdalasini, hiliki, pilipili manga, karafuu chache. Maji yapite mchele pingili moja ya kidole. Chumvi kiasi.

Mtu aliyefundisha hisabati kwa miaka 30 hawezi kuusoma ukurasa kama huo bila kushika kalamu ya kusahihisha. Kikombe cha maua kilikuwa kimevunjika zamani. Kidole hakikutajwa ni cha nani. Karafuu chache ni ngapi? Na chumvi, kiungo ambacho kikikosewa chakula chote hukataliwa, ndicho kilichopewa maelezo machache kuliko vyote. Mwalimu akaamua kwamba daftari hili linahitaji kuandikwa upya, kwa vipimo vinavyoeleweka, na kuwekwa mahali ambapo halitaliwa na mende wala kufutwa na unyevu wa bahari.

Mahali hapo palikuwa tarakilishi aliyoachiwa na kijana wake alipokwenda kufanya kazi Dubai. Hadi wakati huo mashine hiyo ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kutarizi, kama ilivyokuwa desturi ya kufunika redio na runinga. Mwalimu alijifunza kuitumia kwa bidii, na katika kujifunza kwake alikutana na neno lililomshughulisha. Waliobuni istilahi za Kiswahili za taaluma hii wamewahi kutofautiana juu ya jina la mashine yenyewe. Wapo wasemao tarakilishi, kama ilivyo desturi katika vyuo vya Kenya, wapo wasemao kompyuta, kama ilivyo desturi Tanzania, na neno ngamizi nalo lilipendekezwa. Lakini walipotafuta neno la kutaja kitendo cha kuiandika kazi katika diski ili isipotee, walichukua neno lililokuwa tayari na kazi nzito: kuhifadhi.

Kwa watu wa pwani, kuhifadhi ni kutia kifuani. Aliyehifadhi Kurani huibeba ndani yake, na taa ikizimika haimpungukii hata herufi. Kuhifadhi kwa tarakilishi ni kitendo cha namna nyingine. Maneno yanayoandikwa kiwamboni huwa yamo katika kumbukumbu ya muda, ambayo husahau kila kitu papo hapo umeme unapokatika, na kuyahifadhi ni kuyanakili katika diski, ambayo hukumbuka hata mashine ikizimwa. Mwalimu aliielewa tofauti hiyo usiku mmoja umeme ulipokatika mtaani, na kurasa tisa za mapishi alizokuwa amezipiga chapa tangu magharibi zikatoweka. Alikuwa amezinakili neno kwa neno, lakini alipoketi gizani akijaribu kukumbuka alichokiandika, hakukumbuka hata pishi moja. Zilikuwa zimepita katika vidole vyake bila kuacha kitu. Marehemu mkewe, aliyeandika kila pishi mara moja tu na baadaye hakulifungua daftari ila kwa nadra, alipika kwa miaka 35 bila kukosea. Neno ni moja, kuhifadhi, lakini mmoja alihifadhi katika mkono na mwingine alitaka kuhifadhi mahali ambapo mkono hauhitajiki.

Baada ya hapo Mwalimu aliacha kunakili, akaanza kupima. Alinunua mizani ndogo ya jikoni, akamwomba binti yake, ambaye hupika kama mamake, apike pilau ya watu 4 kwa Ijumaa tatu mfululizo huku yeye akipima kila kitu kabla hakijaingia sufuriani. Binti alikubali kwa shingo upande. Alikuwa akichota chumvi kwa vidole, akaiweka katika kisahani cha mizani, akangoja babake aandike, kisha akaitia. Baadaye alionja supu, akaongeza kidogo, na nyongeza hiyo nayo ikapimwa. Ijumaa ya kwanza chumvi ilikuwa gramu 11. Ya pili gramu 19. Ya tatu gramu 13. Mwalimu akajumlisha, akagawanya kwa 3, akapata gramu 14.3. Aliiandika tarakimu hiyo katika kisanduku chake kwenye lahajedwali, akaridhika kwamba neno kiasi hatimaye limepatiwa thamani.

Yafaa kueleza lahajedwali ni nini, kwa kuwa wahakiki wengi hulitumia kuandika alama za wanafunzi tu. Ni ukurasa wa visanduku vilivyopangwa kwa safu, na kila kisanduku huweza kubeba tarakimu, maneno au kanuni ya hesabu inayotegemea visanduku vingine. Programu ya kwanza ya namna hii iliyoenea katika tarakilishi za nyumbani, VisiCalc, ilitolewa mwaka 1979 na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston. Uzuri wake ni kwamba kikibadilishwa kisanduku kimoja, vyote vinavyokitegemea hubadilika mara moja. Mtu huweza kuuliza: na wageni wakiwa 8? Na wakiwa 40? Mashine hujibu kabla hajaondoa kidole.

Wageni 40 ndio waliokuwa wakingojewa. Mwaka ulipotimia tangu mkewe afariki, Mwalimu alitaka kumtolea sadaka kwa kuwalisha watoto wa madrasa iliyo karibu na nyumba yake, na alitaka aipike pilau hiyo mwenyewe, kwa daftari la mkewe. Binti alishauri aitwe mpishi wa sufuria kubwa. Mwalimu alikataa. Aliandika 40 mahali palipokuwa na 4, na lahajedwali likazidisha kila kitu kwa 10: mchele, nyama, vitunguu, karafuu, maji, na chumvi gramu 143.

Pilau ile iliiva ikiwa bokoboko. Wali ulishikamana, karafuu ikauma ulimini, na watoto walipoongeza achari ya ndimu iliyokuwa mezani, wengi waliomba maji. Walikula hata hivyo, kama walavyo watoto, wakamwombea dua marehemu, wakaondoka. Mwalimu hakula. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuja kusaidia kupakua, alionja kijiko kimoja akanyamaza. Kisha akauliza, "Shemeji, ulikuwa ukimpikia nani?"

"Watoto 40," akajibu Mwalimu.

"Watoto 40 si mtu mmoja aliyezidishwa," akasema shemeji yake, akaendelea kupanga sahani.

Hesabu ya Mwalimu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kila kilichomo sufuriani hukua kwa mwendo mmoja. Maji yanayopika wali hugawanyika mafungu mawili: yale yanayofyonzwa na mchele, ambayo huongezeka mchele unapoongezeka, na yale yanayopotea kwa mvuke, ambayo hutegemea upana wa sufuria, muda na moto. Sufuria ya watu 40 haina mdomo wenye upana mara 10 wa sufuria ya watu 4. Kwa hiyo anayezidisha maji yote kwa 10 huongeza maji yasiyo na pa kwenda. Pingili ya kidole, ambayo Mwalimu aliiona kuwa kipimo cha kijinga, ilikuwa imelijua jambo hili tangu zamani. Kidole hupima kina cha maji juu ya mchele, na kina hicho hubakia takriban kile kile, sufuria iwe ndogo au kubwa. Ni pale tu kidole kilipogeuzwa kuwa mililita, kisha mililita zikazidishwa, ndipo maarifa yaliyokuwa ndani yake yalipopotea.

Chumvi nayo ilikuwa na kisa chake. Mwalimu alipomwuliza binti yake sababu ya gramu 11, 19 na 13, alijibiwa bila kusita. Ijumaa ya kwanza palikuwa na achari mezani, na achari ina chumvi yake. Ya pili aliongeza viazi, na viazi hutaka chumvi. "Na ya tatu, Baba, ulikuwa umetoka hospitali jana yake, wakasema presha imepanda." Katika siku zote tatu hakuna hata moja iliyohitaji gramu 14.3. Wastani ule ulikuwa chumvi ya chakula ambacho hakikupikwa, cha kumlisha mtu asiyekuwapo. Marehemu alipoandika chumvi kiasi hakuwa amesahau kuandika tarakimu. Alikuwa akisema kwamba chumvi haiamuliwi na daftari, huamuliwa na walioketi kula.

Neno kiasi lina maana mbili katika Kiswahili, na mara nyingi huchukuliwa kana kwamba ni maneno mawili. Kiasi ni idadi au kipimo: kiasi gani? Tena kiasi ni staha ya kujizuia: mtu mwenye kiasi hali kupita haja yake wala hasemi kupita ajuavyo. Jikoni maana hizi hukutana. Kukutana kwake huonekana vivyo hivyo daftari linapogeuzwa na kusomwa kutoka nyuma.

Mchezo wa marehemu ulikuwa na wanawake 12, kila mmoja akitoa Sh 2,000 kwa mwezi. Kila mwezi mmoja wao alipokea Sh 24,000, na baada ya mwaka kila mtu alikuwa ametoa na kupokea kiasi kile kile. Kwa macho ya mwalimu wa hisabati huo si uwekezaji hata kidogo, kwa kuwa faida ni sufuri. Wa kwanza kupokea amekopeshwa bila riba, jambo lenye uzito kwa wanaoiharamisha riba, na wa mwisho ameweka akiba bila nyongeza. Mwalimu mwenyewe alikuwa akiweka fedha zake kwingine. Mwaka 2008, hisa bilioni 10 za kampuni ya Safaricom zilipouzwa kwa umma kwa Sh 5 kila moja, alipanga foleni pamoja na Wakenya wengi, akapata sehemu ya alizoziomba, kwa kuwa maombi yalizidi mno hisa zilizokuwapo. Mwaka huo huo bei ilishuka chini ya Sh 5. Mwaka 2021 ilipanda kupita Sh 40, na mwaka 2023 ilikuwa imerudi chini ya Sh 20. Katika lahajedwali lake Mwalimu alizichora bei hizi kwa mstari uliopanda na kushuka, na alipoutazama alikumbuka methali isemayo maji yakijaa hupwa. Hakuuza zilipopanda, akitumaini zitapanda zaidi, wala hakuuza ziliposhuka, akitumaini zitarudi.

Alichokigundua katika hesabu za mkewe hakikuwa faida bali mpangilio. Zamu zilipangwa mwanzoni mwa mwaka kwa kura, lakini katika karibu kila mwaka pana mishale ya kalamu nyekundu inayohamisha jina kutoka chini kwenda juu, na kando yake maneno machache: mgonjwa, apewe kwanza. Mtoto wake anaingia chuo. Paa limevuja. Penye mshale wa kupandisha jina moja pana mwingine unaolishusha jina jingine, na katika miaka sita kati ya kumi na minane iliyomo daftarini jina lililoshushwa mwisho kabisa ni la marehemu mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo wasemavyo, na Mwalimu alikuwa amewafundisha wanafunzi wengi jinsi ya kukokotoa kibaba kitajaa lini. Hakuwahi kuuliza ni nani anayepaswa kuchota humo kwanza. Swali hilo lilikuwa likijibiwa nyumbani kwake kila mwezi, chumba cha pili, huku yeye akisahihisha madaftari.

Msomaji asidhani kwamba hoja hapa ni kuilaani tarakimu au kuisifu jiko dhidi ya mashine. Lawama kama hiyo ni rahisi na si ya kweli. Upande wa tatu wa maisha ya Mwalimu, ule wa nje ya nyumba, unaonyesha hivyo. Tangu ujana wake huvua samaki kwa mshipi kwenye majabali yaliyo chini ya bustani ya Mama Ngina, mahali penye mibuyu, wauza madafu na wauza mihogo ya kukaanga, ambapo meli hupita karibu zikielekea Kilindini. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, lakini majabali hayakubadilika. Huko Mwalimu ana daftari lake mwenyewe, na kwa miaka mingi ameandika tarehe, umri wa mwezi, saa ya maji kujaa na samaki aliowapata.

Katika jambo la maji, tarakimu hazimwangushi mtu. Bahari ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa kufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 3 na zaidi. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Majedwali ya maji hukokotolewa mapema kwa mwaka mzima, na huaminika. Asiyeyajali huweza kukatiwa njia ya kurudi nchi kavu. Mwalimu alipoyaingiza katika lahajedwali, yalikaa vizuri, kwa kuwa hapo palikuwa na kitu kinachokubali kuhesabiwa.

Samaki hawakukubali. Alijaribu kutafuta uhusiano kati ya umri wa mwezi na idadi ya changu aliowavua kwa miaka 11, akapata jawabu hafifu lisilofaa kitu. Wavuvi wanaokaa naye jabalini hawashangai. Wao hutazama rangi ya maji, upepo kama ni wa kusi au kaskazi, na jinsi mshipi unavyovuta, wakaamua kubadili chambo kutoka kamba hadi ngisi au kufunga vyombo vyao kurudi nyumbani. Wanalijua jedwali la maji vilevile, tena kwa moyo. Hawachanganyi mambo mawili: bahari ina saa, samaki hana. Ustadi wao umo katika kujua ni wapi pa kuhesabu na ni wapi pa kukisia.

Hapa ndipo nyumba ya Kibokoni inapokuwa na neno la kusema katika idara za fasihi. Miongo ya karibuni imeleta zana ambazo wahakiki waliotangulia hawakuwa nazo. Makusanyo makubwa ya matini za Kiswahili yamewekwa katika tarakilishi, kama lile la Chuo Kikuu cha Helsinki, na mtafiti huweza kujua kwa dakika chache neno fulani limetumiwa mara ngapi na limefuatana na maneno gani. Maarifa hayo ni kama jedwali la maji. Anayeyadharau kwa kujigamba kwamba yeye husoma kwa moyo ataachwa jabalini. Lakini idadi ya mara ambazo neno limetokea haisemi uzito wake pale lilipotokea mara moja tu. Mtafiti anayezidisha kwa 10 kila alichokipata katika shairi moja, akakiita sifa ya utanzu mzima, hupika bokoboko.

Tatizo hili lilikuwapo kabla ya mashine. Kila mtu aliyewahi kunakili ngano kutoka kinywani mwa fanani amekutana nalo. Maneno huandikwa yote, na bado kitu hubaki nje: sauti iliyoshushwa, kicheko kilichongojewa, mtoto aliyetazamwa usoni zimwi lilipotajwa. Ukurasa huandika ngano, na kuhusu mengine huandika, au ungepaswa kuandika, kiasi. Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya kitendo cha kusoma, alizieleza nafasi tupu ambazo matini humwachia msomaji azijaze. Nadharia hiyo imetumiwa na wengi kueleza riwaya. Ingefaa pia kueleza daftari la mapishi, kwa sharti moja: mwandishi wa daftari hili hakumwachia nafasi msomaji yeyote tu. Alimwachia binti yake, aliyesimama pembeni mwa jiko tangu utotoni.

Fasihi ya Kiswahili ina mama mwingine aliyeandika kwa ajili ya binti. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyetunga utendi wake mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimhutubia binti yake Mwana Hashima juu ya dini, adabu na uendeshaji wa nyumba. Utendi huo umesomwa kama hati ya utiifu wa mke, na umesomwa pia kama hati ya werevu wake, na mjadala haujafungwa. Huenda haufungwi kwa kuwa wasomaji wa baadaye wana maneno yote lakini hawana lile ambalo Mwana Hashima alikuwa nalo bila kuandikiwa, yaani kumjua mamake aliposema jambo alikuwa amekaza macho au ametabasamu. Kwao tarakimu ipo, kiasi hakipo. Uhakiki ulio bora hukiri pengo hilo na kulichunguza. Ulio dhaifu hukokotoa wastani wa tafsiri zilizopo na kuutoa kama maana ya mwandishi, gramu 14.3, ambayo haikuwa maana ya yeyote.

Mwaka uliofuata Mwalimu alipika tena pilau ya watoto wa madrasa. Safari hii shemeji yake alikaa juu ya kibao cha mbuzi karibu na jiko, naye Mwalimu akafanya kazi. Mchele ulipimwa kwa mizani, na nyama pia, kwa kuwa hivyo hununuliwa kwa fedha na vinakubali hesabu. Karafuu zilihesabiwa, lakini hazikuzidishwa. Maji yalipimwa kwa kidole, makaa yakapaliwa juu ya mfuniko. Ilipofika zamu ya chumvi aliichota kwa mkono, akaitia, akakoroga, akaonja, akampa shemeji yake aonje. Shemeji akasema, "Bado." Akaongeza. Akaonja tena. Hakuandika alichoongeza.

Usiku huo alifungua tarakilishi kulisahihisha lahajedwali la pilau. Katika kisanduku cha chumvi alifuta 14.3, akaandika neno kiasi, kisha akaandika 40 mahali pa watu. Tarakimu zote zilibadilika isipokuwa moja. Kwenye jumla ya chumvi, mashine ilionyesha alama ya kosa, kwa kuwa lahajedwali haliwezi kuzidisha neno. Mwalimu aliitazama alama hiyo kwa muda, akaiacha ilivyo, akahifadhi.